Stesheni ya Syokimau na Treni za Vitongoji vya Nairobi

Katika historia ya Kenya, kwa kawaida reli ilitangulia na mji ukafuata. Nairobi yenyewe ilizaliwa hivyo, kwani wajenzi wa Reli ya Uganda, walioanza kazi Mombasa mwaka 1896, walifika kwenye uwanda huo wenye maji mwaka 1899, wakaweka karakana na makao yao, na mji ukakua kando ya njia. Stesheni ya Syokimau, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012, ilikwenda kinyume cha desturi hiyo: nyumba zilikuwa zimekwisha kuenea Mavoko, katika Kaunti ya Machakos, na wakazi wake walikuwa wakiamka alfajiri kuukabili msongamano wa Barabara ya Mombasa, ndipo serikali ilipowajengea stesheni.

Jina lake ni la mwaguzi wa Wakamba ambaye, kwa mujibu wa masimulizi, alitabiri ujio wa nyoka mrefu atemaye moto, atakayepita nchini kutoka maji hadi maji. Mwanahistoria ana haki ya kuutilia shaka utabiri unaosimuliwa baada ya kutimia, lakini ni vigumu kupata jina linaloifaa stesheni kuliko hili.

Kabla ya hapo, treni za vitongoji, yaani zile zinazowapeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni, zilihudumia hasa wafanyakazi wa kipato cha chini waliosongamana ndani ya mabehewa ya zamani. Syokimau ililenga tabaka jingine. Ilipewa maegesho makubwa ili mwenye gari aliache hapo na kumalizia kwa treni safari ya takriban kilomita 16 hadi Stesheni Kuu ya Nairobi. Stesheni za Makadara na Imara Daima zilijengwa katika mpango huohuo.

Mwaka 2017 mambo yalibadilika, kwa kuwa reli mpya ya kutoka Mombasa iliishia Syokimau badala ya katikati ya jiji. Geji, yaani nafasi iliyopo kati ya vyuma viwili vya njia, ni milimita 1,435 katika reli hiyo, ilhali njia ya zamani ina milimita 1,000, kwa hiyo Madaraka Express, treni ya abiria ya reli hiyo mpya, haiwezi kuendelea mbele kwa njia ya zamani. Abiria aliyetoka Mombasa anayetaka kufika katikati ya jiji kwa reli hulazimika kushuka na mizigo yake, kisha kupanda treni ya kuunganisha, na hivyo Syokimau, mahali palipokusudiwa wenye magari wa kitongoji, pakawa pia mlango wa kuingilia jiji. Hata hivyo, maadamu ratiba inaegemea saa za kwenda na kutoka kazini pamoja na safari za Mombasa, mkazi wa Syokimau anayefanya kazi kwa zamu za usiku hana budi kuendelea kutegemea matatu.