Karti ya Goma, kura ya Rutshuru

Kwetu mtu anapiga kura kwenye alijiandikisha. Kwa mwenye amekimbia, shida inaanzia hapo. M23 iliingia Rutshuru-centre na Kiwanja mwisho wa mwezi wa 10, 2022. CENI ikaanza kuandikisha Kivu ya Kaskazini mwezi wa 2, 2023, wakati wengi wenu mlikuwa Kanyaruchinya. Tarehe 20/12/2023 Rutshuru na Masisi hazikuchagua hata mdepite mmoja. Beni na Butembo nazo ziliachwa 2018, lakini zilichagua wadepite tarehe 31/3/2019. Rutshuru ingali inangoja. Na karti si ya kura tu, ndiyo kitambulisho chetu barabarani. Kwa hiyo mwenye alirudi Kiwanja na karti ya Goma asiitupe: aichunge, na siku CENI itafungua tena kuandikisha, aombe kubadilisha mahali.