Robo ya Milimita: Historia ya Kuseti Tapeti Gisenyi

Julai 1967, Land Rover kuukuu ya turubai iliyoitwa Lily ilitoka Rumangabo, upande wa Kongo, askari wakiwa ndani na mwanamke wa Kimarekani kwenye usukani. Dian Fossey, aliyekuwa akishikiliwa nao, alikuwa amewashawishi wamsindikize hadi Kisoro, Uganda, na huko akawaponyoka. Baadaye alipokelewa na Rosamond Carr, mwenye shamba la maua Mugongo, kwenye vilima vya juu ya Gisenyi, Rwanda. Tarehe 24 Septemba mwaka huohuo akafungua kituo cha utafiti wa masokwe cha Karisoke. Masokwe wake wameandikiwa vitabu. Injini zilizowapandisha watu milima hii hazijaandikiwa kitu.

Injini za Land Rover za enzi hizo zilikuwa na tapeti ngumu. Kamshafti husukuma tapeti, tapeti husukuma fimbo, fimbo huinua roka, na roka hukandamiza valvu. Chuma kikipata moto hurefuka, kwa hiyo lazima pengo dogo liachwe. Likizidi, injini inagonga na valvu haifunguki ipasavyo. Likipungua, valvu haikai kwenye kiti chake, na hasara kubwa iko hapo: valvu ya moshi hupoa kwa kugusana na kiti, na isipogusa vizuri huungua ukingoni. Ndiyo maana fundi mzee hashtushwi na tapeti inayolia kidogo. Iliyonyamaza kabisa ndiyo humtia wasiwasi.

Kwa injini ya petroli ya lita 2.25 pengo lilikuwa inchi 0.010, yaani kama robo ya milimita. Fundi huvua kifuniko, hutoa plagi ili injini izunguke kirahisi, kisha huizungusha kwa mkono mpaka valvu ya nane ifunguke hadi mwisho. Hapo hupima ya kwanza. Ya saba ikifunguka hupima ya pili, ya sita kwa ya tatu, na kuendelea. Jumla ni tisa kila mara. Fila geji, bamba jembamba la kupimia pengo, hupitishwa kati ya roka na shina la valvu, ipite ikisuasua. Mkono mmoja hushikilia skrubu kwa bisibisi, mwingine hukaza nati kwa spana. Kisha hupima tena, kwa kuwa nati ikikazwa huzungusha skrubu pamoja nayo. Wanafunzi wengi hufeli katika kipimo hicho cha pili.

Volkswagen Beetle ilidai pengo dogo zaidi, milimita 0.10 kwa miaka mingi, nayo ilisetiwa injini ikiwa baridi, fundi akiwa amelala ubavuni mwa gari, maana vifuniko viko chini. Silinda yake ya tatu ilijulikana kwa kuunguza valvu: kipoza oili kilisimama kwenye njia ya hewa yake, ikapata hewa yenye joto. Mpando wa kutoka Ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hadi vilima vinavyopita mita 2,000 njiani kuelekea Ruhengeri, Musanze ya leo, haukuisamehe silinda hiyo. Hata hivyo Beetle ilitamba kwenye Safari Rally ya Afrika Mashariki, ikishinda 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ikapokea kijiti 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Nayo ilikuwa ya tapeti ngumu.

Wamarekani walikuwa wameshapata dawa tangu miaka ya 1930, Cadillac na Pierce-Arrow zilipoanza kuziba pengo kwa shinikizo la oili. Lakini tapeti ya oili inataka oili safi inayobadilishwa kwa wakati. Kwa gari la barabara ya vumbi, mbali na duka, nadhani skrubu na nati vilikuwa chaguo la busara.

Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka Gisenyi kuingia Goma kwa siku chache, na nyuma yao yakaja mashirika ya misaada na Land Cruiser zake nyeupe. Dizeli ya Toyota 1HZ, iliyotoka 1990, bado ina tapeti ngumu, ila haina skrubu ya kugeuza. Pengo hurekebishwa kwa kubadilisha shimu, kidude cha duara chenye unene maalumu, na anayefanya kazi hiyo anahitaji mikromita na akiba ya shimu za kila unene. Kazi ya kando ya barabara ikahamia kwenye gereji zenye mtaji.

Kisha petroli yenyewe ikabadilika. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana na risasi, na kuanzia 2006 ikatoweka kwenye pampu zake. Ni heri kwa watoto, hakuna ubishi. Injini za zamani zenye viti laini ndizo zilizolipa: risasi ilikuwa ikivilinda, na bila hiyo kiti huchimbika, valvu hupanda, pengo huziba mapema.

Leo skrubu na nati vimebaki zaidi kwenye pikipiki. Bajaj na TVS za abiria zina silinda moja na valvu mbili, kazi ya dakika chache kwa anayeijua. Kigali imeacha kusajili pikipiki mpya za petroli kwa biashara ya abiria tangu Januari 2025, na ya umeme haina valvu hata moja. Uamuzi huo unahusu Kigali. Rubavu, wilaya ya Gisenyi, dereva anayetaka tapeti zake zisetiwe vizuri bado anapaswa kumpelekea fundi pikipiki asubuhi kabla hajabeba abiria, au kuiacha ipoe.