Mnanaha na Mboga za Jamestown

Ni nadra jina la mmea kuzaliwa jikoni, na ni nadra zaidi kuzaliwa kwa kosa la mpishi. Gugu ambalo kwa Kiswahili huitwa mnanaha lilipata huko Virginia jina la "gugu la Jamestown", na jina hilo, likiwa limefupishwa na kupindwa ulimini, lingali likitumika Marekani hadi leo.

Habari yenyewe imetolewa na Robert Beverley katika kitabu chake cha historia ya Virginia kilichochapishwa London mwaka 1705. Asimulia kwamba askari waliotumwa kuzima uasi wa Nathaniel Bacon waliyachuma majani machanga ya mmea huo, wakayachemsha kuwa mboga. Waliokula sana walipotewa na akili kwa siku kumi na moja: mmoja akipeperusha unyoya kwa pumzi, wa pili akiutupia mabua kwa hasira, wa tatu akikaa uchi pembeni kama tumbili. Ilibidi wafungiwe wasije wakajidhuru. Walipopata fahamu hawakukumbuka lolote.

Waandishi wengi huuweka mkasa huu katika mwaka 1676. Tarehe hiyo yahitaji kuangaliwa. Bacon alifariki Oktoba mwaka huo, na kikosi cha Mfalme Charles wa Pili, askari wapatao 1,000, kiliwasili mwanzoni mwa 1677. Ikiwa ni hao aliowakusudia Beverley, basi majani hayo yalichumwa mwaka uliofuata uasi. Isitoshe, Beverley alikuwa mtoto wakati huo. Aliandika aliyoyasikia, na masimulizi ya namna hiyo hunoga kila yanaporudiwa.

Kiini chake, hata hivyo, hakina sababu ya kutiliwa shaka. Dalili hizo ndizo ziletwazo na atropini na skopolamini, sumu zilizomo katika kila sehemu ya mnanaha, ambazo kuchemsha hakuziondoi vya kutosha. La ajabu ni kwamba mmea haukuwa mgeni kwa wasomi wa Kiingereza: John Gerard alikwisha kuueleza katika kitabu chake cha mimea cha 1597. Kabla yake, huko Goa, Garcia de Orta aliandika mwaka 1563 juu ya wezi walioutumia mmea wa jamii hiyo kuwalevya watu. Na jina datura, alilolitumia Linnaeus mwaka 1753, asili yake ni Bara Hindi. Ujuzi ulikuwamo vitabuni, wala haukuwamo vinywani mwa wale waliokwenda kuchuma.

Tena walichuma wakati mbaya. Mnanaha hutambulikana kwa ua lake refu lenye umbo la tarumbeta, jeupe mara nyingi, lifungukalo jioni, na kwa tunda lake la miiba. Mche mchanga hauna hata kimoja kati ya hivyo. Una majani tu, nayo asiyezoea aweza kuyadhania kuwa mnavu, mmea wa ukoo huo huo uliwao sana Afrika ya Mashariki.

Wala mazoea hayatoshi kila mahali. Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, watu zaidi ya 300 waliugua na watano wakafa baada ya kula unga wa msaada uliokutwa na sumu hizo hizo mbili. Katika unga hapakuwa na ua, jani wala tunda la kutazamwa.