Bunduki ya mitutu mitatu: inavyofanya kazi na inapoweza kuua asiyehusika

Anayeingia porini kuwinda hajui atakutana na nani. Anaweza kutoka nyumbani akiwa na nia ya kanga, akatokewa na swala. Mwingine anafuata nyayo za ngiri, na mbele yake wanaruka kwale. Tatizo ni kwamba risasi inayomfaa swala haimfai kwale, na inayomfaa kwale humjeruhi swala bila kumuua. Huko Ulaya mafundi wa bunduki walilitafutia jibu jambo hili kwa kuunganisha bunduki mbili ndani ya moja. Katika makala hii tunaeleza bunduki hiyo ni ya namna gani, imetengenezwa kwa sababu ipi, na kwa nini anayeishika anatakiwa kuwa makini kuliko mwindaji mwingine yeyote.

Raifo na shotigani zinatofautianaje?

Tuanze na msingi. Raifo ina mtutu wenye mifuo ndani yake, mifuo inayozunguka kama nyuzi za skrubu. Mifuo hiyo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja na kufika mbali. Inatoa risasi moja kwa kila mlio.

Shotigani ina mtutu laini. Hutoa marisawa, yaani gololi ndogo nyingi zinazotawanyika zikiwa hewani. Ndiyo maana inafaa kwa ndege anayeruka au sungura anayekimbia: huhitaji kumpata kwa nukta moja. Lakini nguvu ya gololi hizo huisha upesi. Kwa mnyama mdogo, umbali wa kufaa ni mita 35 hivi.

Upana wa mtutu wa shotigani hupimwa kwa geji, na namba zake zinakwenda kinyume na mtu anavyotarajia. Geji 12 ni pana kuliko geji 16, na geji 16 ni pana kuliko geji 20. Asili yake ni hesabu ya gololi za risasi zenye upana wa mtutu huo zinazotimiza ratili moja; gololi zikiwa nyingi, kila moja ni ndogo zaidi.

Bunduki ya Wajerumani

Bunduki inayounganisha aina hizi mbili ilishika mizizi Ujerumani na Austria, hasa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Miji ya Suhl nchini Ujerumani na Ferlach nchini Austria inajulikana hadi leo kwa mafundi wake. Ile yenye mitutu mitatu huitwa Drilling, neno la Kijerumani ambalo pia ni jina la mmoja wa watoto watatu waliozaliwa pamoja. Zipo pia za mitutu miwili na za mitutu minne.

Misitu ya huko ndiyo iliyoizaa. Katika matembezi ya asubuhi moja mwindaji anaweza kukutana na sungura, mbweha, nguruwe mwitu, au Reh, mnyama mdogo wa jamii ya kulungu. Nayo sheria ya uwindaji ya Ujerumani inakataza kuwapiga kwa marisawa wanyama kama Reh na nguruwe mwitu. Kwa Reh, risasi lazima iwe na nguvu isiyopungua jouli 1,000 ikifika mita 100. Kwa wanyama wakubwa zaidi ni jouli 2,000, na kipenyo kisichopungua milimita 6.5. Sababu ni ya huruma: mnyama aliyejaa gololi mwilini hukimbia na kufa taratibu vichakani, na nyama yake hupotea.

Watu wengine pia waliona faida ya kubeba silaha ya namna hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la anga la Ujerumani liliwapa marubani wake waliokuwa Afrika Kaskazini Drilling, ili wakianguka jangwani waweze kujitafutia chakula. Mwaka 1965 wanaanga wawili wa Urusi ya Kisovieti walitua kwa bahati mbaya katikati ya msitu wenye theluji na kulala huko siku mbili kabla ya kuondolewa. Miaka ya 1980 nchi hiyo ilianza kuwapa wanaanga wake bastola ya mitutu mitatu, miwili ya shotigani na mmoja wa raifo.

Inavyofanya kazi

Drilling ya kawaida ina mitutu miwili ya shotigani juu, imelala ubavu kwa ubavu, na mtutu wa raifo chini yake katikati. Hukunjuka kwenye bawaba, mwindaji akaweka risasi kwa mkono, kisha akaifunga.

Hapa ndipo penye jambo la kuzingatia. Mitutu ni mitatu, lakini triga ni mbili. Kwa hiyo triga ya mbele inafanya kazi mbili. Juu ya shingo ya bunduki kuna kitufe cha kusukuma. Kikiwa nyuma, triga ya mbele inafyatua mtutu wa kulia wa shotigani. Kikisukumwa mbele, triga hiyo hiyo inafyatua raifo. Kwa nyingi za bunduki hizi, kitufe kikienda mbele kibati kidogo cha kulengea husimama juu ya mtutu, kikiwa ishara kwamba sasa raifo ndiyo itakayolia.

Kosa moja la kidole

Fikiria mwindaji amemkosa swala, akasahau kukirudisha kitufe nyuma. Dakika kumi baadaye kanga wanaruka. Anainua bunduki juu, anavuta triga ya mbele akitegemea marisawa, kumbe imetoka risasi ya raifo.

Marisawa ya milimita 3 huanguka ndani ya mita 300 hivi. Wawindaji wa Ujerumani wana kanuni rahisi: zidisha unene wa gololi kwa 100, utapata mita ambazo eneo la mbele linatakiwa kuwa tupu. Risasi ya raifo kubwa iliyopigwa kuelekea juu inaweza kwenda kilomita 3, hata 5. Umbali huo ni kutoka porini hadi kijiji cha pili. Ni hadi kisimani, hadi shuleni, hadi kwa mchungaji ambaye hata mlio hakuusikia.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya bunduki hii ni kwamba uamuzi hutangulia. Mwindaji anamtambua mnyama, anaangalia kilicho nyuma yake, anachagua mtutu, ndipo anainua. Raifo haipigwi kuelekea anga tupu. Lazima kuwe na kilima au udongo wa kuipokea risasi.

Hatari ya pili ni kuchanganya risasi. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye mtutu wa geji 12 huteleza na kukwama mbele kidogo. Mtutu unaonekana mtupu. Ukiweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka karibu na mkono wako. Mifuko isichanganywe.

Mipaka yake

Bunduki hii si dawa ya kila kitu. Ina risasi moja tu ya raifo, na ukikosa huna ya pili. Mitutu imeunganishwa, hivyo mmoja ukipata moto unaweza kuuvuta mwingine na shabaha ikahama. Haifai hata kidogo kwa nyati, ambaye akijeruhiwa hurudi. Kwa mnyama huyo kipimo kinachotumika katika uwindaji wa hapa Tanzania ni .375, sawa na milimita 9.5.

Kwetu inatuhusu nini?

Wengi wetu hatutamiliki bunduki hii. Lakini wapo ndugu zetu wanaofanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji kama wafuata nyayo na wapagazi, na hao hutembea karibu na mtutu kila siku. Una haki ya kumuuliza mwindaji kama bunduki iko tupu kabla hujapanda naye gari au kuvuka korongo. Faida ya bunduki ya bawaba ni kwamba ikikunjuliwa, kila mtu anaona. Hakikisheni matundu yote matatu, si mawili.

Tukumbushane pia sheria. Tanzania hairuhusu kuwinda bila kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na silaha lazima iwe na leseni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii tangu 1977. Na ukiokota silaha yoyote shambani au porini, usiifungue wala kuibeba. Weka watoto mbali, kisha mwarifu mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu.