Kaa Nami: Wimbo wa Mgonjwa wa Kifua

Tulipokuwa tukikumbushana safari yetu kwa ajili ya jubilii hii, tuliona kwamba hakuna wimbo tuliouimba kando ya vitanda vya wagonjwa kuliko Kaa Nami. Wengi wetu tuliuhesabu kuwa wimbo wa matanga, tukauburuta hivyo hivyo. Yafaa tujue ulikotoka.

Henry Francis Lyte, mzaliwa wa Scotland, alikuwa mchungaji wa Brixham, mji wa wavuvi kusini mwa Uingereza. Aliugua kifua kikuu. Siku hizo dawa haikuwapo. Hata kijidudu chenyewe Robert Koch alikitangaza mwaka 1882. Mgonjwa alishauriwa tu kuhamia penye joto. Septemba 1847, akiwa dhaifu sana, Lyte alihubiri mara ya mwisho, akawakabidhi jamaa zake maneno ya wimbo huu, kisha akasafiri. Alifariki mjini Nice mwezi wa Novemba, akiwa na umri wa miaka 54. Tuni tunayoimba ni ya William Henry Monk, ya mwaka 1861. Yeye hakuwahi kuisikia.

Tazameni anachoomba. Haombi mapafu mapya. Kama wale wawili wa Emau katika Luka 24, anamsihi Bwana asipite, aingie wakae pamoja kwa kuwa kumekuchwa. Kwamba mtu aweza kuwa na tumaini bila kuahidiwa kupona, sisi tulichelewa kulielewa.

Tunakiri. Mwenzetu mmoja wa besi alipopatikana na TB, tulimwombea kwa sauti kuu, lakini kwenye mazoezi benchi lilibaki wazi pande zake zote mbili. Alikuwa amekunywa dawa majuma kadhaa, na daktari alikuwa amemhakikishia kwamba haambukizi tena. Alituambia. Hatukumwamini. Akaacha kuja.

Aliyemfuata nyumbani ni mama wa sauti ya pili, naye wakati huo alikuwa akitibiwa saratani ya matiti, kitambaa kichwani. Waliimba Kaa Nami wawili tu, sauti ya pili na besi, bila sauti ya kwanza (mjue ulivyosikika!). Jumamosi iliyofuata alitwambia: "Mmemwachia Bwana peke yake kazi ya kukaa naye." Hakuna aliyemjibu. Baada ya mazoezi tulienda sote, tukanywa chai kwake, kwa vikombe vyake.

Alimaliza dawa za miezi sita. Leo mtamwona safu ya nyuma.

Mama hakupona. Jioni ya mwisho tulipomtembelea, tulianza Kaa Nami juu mno. Aliinua mkono akatusimamisha, akatupa noti ya chini kidogo, tukaanza upya. Ndiyo noti tunayoanzia mpaka leo.