Dawa Moja Haikutosha: Historia Fupi ya Tiba ya Utumbo



Gauni la biharusi mmoja tulilipunguza mara tatu kabla ya nikaha. Watu wakasema anajinyima chakula apendeze. Siku ya kujaribu mara ya mwisho ndipo alipotuambia: anaharisha damu, utumbo wake mpana una vidonda, na hospitali amepewa dawa mbili pamoja. Shangazi yake kamwambia dawa mbili ni sumu, achague moja. Tukaamua kuitafuta historia yake.

Maradhi haya yana aina mbili kubwa. Moja ni vidonda vya utumbo mpana. Nyingine ni Crohn, jina la daktari wa New York aliyeieleza na wenzake wawili mwaka 1932. Katika zote, kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe. Hayaambukizi, wala si aibu.

Na kuunganisha dawa si jambo la jana. Alianza mwanamke, Nanna Svartz, daktari wa Sweden. Akitafuta tiba ya baridi yabisi, aliunganisha salfa na dawa ya kutuliza uvimbe ya jamii ya aspirini, ikawa dawa moja: salfasalazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ikaonekana inawasaidia wenye vidonda vya utumbo. Inatumika mpaka leo.

Mwaka 1955 Truelove na Witts wa Oxford walionyesha kuwa kotisoni nayo hutuliza vidonda hivyo. Lakini ikitumika muda mrefu huvimbisha uso na kudhoofisha mifupa. Mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha infliximab kwa Crohn, dawa ya dripu inayozuia kemikali moja ya kinga inayoleta uvimbe. Tatizo ni kwamba baadhi ya miili huikataa dawa hiyo baada ya muda.

Ndipo wakaunganisha tena. Utafiti wa SONIC wa mwaka 2010 ulikuwa na wagonjwa 508 wa Crohn. Baada ya wiki 26, waliopewa infliximab na azathioprini pamoja, 57 katika kila 100 walitulia bila kotisoni. Infliximab peke yake ilikuwa 44, azathioprini peke yake 30. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa VEGA, uliounganisha golimumab na guselkumab kwa wenye vidonda: wiki ya 12, 83 katika kila 100 walipata nafuu, dhidi ya 61 na 75 kwa dawa mojamoja.

Hatari ipo. Kinga ikishushwa, maambukizi hupata mwanya, ndiyo maana kifua kikuu hupimwa kabla. Basi kuongeza au kuacha dawa ni kazi ya daktari, si ya shangazi.

Dada, mwambie mchumba wako kabla ya nikaha. Ukitaka mimba, zungumza na daktari kwanza, usiache dawa kimyakimya. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu.

Biharusi wetu hakuacha hata moja. Nasi tulimwachia kitambaa cha ziada kwenye mishono, akinenepa inshaallah tulifungue.