Uchumi wa samaki haramu katika Ziwa Victoria (Kenya)

Samaki haramu ni mbuta, ngege na omena wanaovuliwa kwa zana zilizopigwa marufuku, au kabla hawajafikia kipimo. Katika fuo za Kenya, kuanzia Muhuru Bay kusini hadi Dunga mjini Kisumu na Usenge upande wa magharibi, biashara hii haihitaji genge wala bosi. Inashikiliwa na mikopo.

Mvuvi wa kawaida hana chombo. Boti, injini na nyavu ni za tajiri, ambaye mara nyingi naye amekopeshwa na ajenti anayenunua samaki. Ajenti hulipwa kwa samaki, tena kwa bei anayoipanga mwenyewe. Deni halisubiri mbuta akue, kwa hiyo nyavu za uzi mmoja wa nailoni, rahisi kwa bei na zisizoonekana majini, huendelea kununuliwa. Makokoro nayo hukokotwa hadi kwenye mazalia ya samaki, ingawa Kenya iliyakataza mwaka 2001.

Mwanauchumi wa Kanada H. Scott Gordon aliandika mwaka 1954 kwamba maji yasiyo na mwenyewe huvuliwa mpaka faida iishe: samaki unayemwacha leo atachukuliwa na jirani kesho. Mwaka 1968 Mmarekani Gary Becker akaongeza hesabu ya mhalifu, anayepima faida dhidi ya ukali wa adhabu na uwezekano wa kukamatwa. Ziwani uwezekano huo ni mdogo. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ingawa Kenya ina asilimia 6 tu, doria hula mafuta.

Soko limegawanyika. Viwanda vya minofu huuza mbuta ng'ambo na hukaguliwa. Nchi tatu za ziwa, Kenya, Uganda na Tanzania, zilikubaliana mbuta avuliwe akiwa na sentimita 50 hadi 85. Mbuta mdogo hukaangwa au kukaushwa kwa moshi na kuuzwa masoko ya ndani, ambako hakuna anayekuja na rula. Mlaji wake ni yule ambaye minofu imempita bei, jirani wa anayenunua mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki inayotoka viwandani na kukaangwa mtaani Obunga, Kisumu. Sheria ikitekelezwa kikamilifu, huyu ndiye wa kwanza kukosa kitoweo.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hili kufuatia habari za uvuvi wa sumu. Hasara haikuchagua nani alitumia sumu na nani hakutumia.

Kanuni za 2007 zilivipa vikundi vya usimamizi wa ufuo (BMU) kazi ya kuzuia zana haramu. Lakini wanachama wake ni wavuvi, wachuuzi na wenye boti wa ufuo uleule. Anayetakiwa kukamatwa huenda ni shemeji, au ndiye anayewadai. Nyavu zinazonaswa huchomwa hadharani, tajiri hukopa nyingine, na deni jipya huwarudisha vijana majini usiku uleule.

Uganda ilipeleka jeshi ziwani mwaka 2017 kuzuia uvuvi haramu. Wavuvi wa Kenya wanaovua karibu na Migingo, kisiwa kinachogombaniwa na nchi hizo mbili, wamelalamika kwamba hukamatwa na kutozwa fedha ili waachiwe. Wenye boti huziingiza fedha hizo katika gharama za safari, pamoja na petroli na barafu.